Chupa zimejaa dirishani, taa imezimika

Bwana Yesu asifiwe, ndugu yangu. Najua umeitikia amina. Amina tunazijua sana. Leo sitaki amina yako, nataka akili yako.

Kwenye dirisha la shangazi yangu, hapa Mutuka, Babati, kuna chupa saba za mafuta ya upako. Nimezihesabu mwenyewe. Ni vichupa vya kuenea kiganjani, kila kimoja kimebandikwa picha ya mtumishi aliyenyoosha mkono. Nyuma ya vichupa hivyo, zimesukumwa mpaka ukutani, kuna pakiti mbili za dawa za presha ambazo hazijafunguliwa. Shangazi alipewa kliniki. Madhabahuni akaambiwa mwenye imani hatembei na vidonge. Akaacha vidonge. Alfajiri moja akaanguka jikoni akikoroga uji, na leo mkono wake wa kulia haushiki hata kijiko.

Nilifungua chupa moja nikanusa. Alizeti! Alizeti hii hii tunayolima wenyewe Babati na kuikamua mashineni, ambayo ukienda na kidumu chako unapimiwa. Shangazi aliuziwa elfu kumi kichupa. Mama mjane, kuku wake wameisha bandani, chupa zimejaa dirishani.

Wajinga ndio waliwao. Umewahi kulisema hilo ukimcheka jirani yako. Mimi silisemi kwa kumcheka mtu, kwa sababu na mimi nililiwa.

Unakumbuka mwaka 2017? India walibana uagizaji wa mbaazi, bei ikaporomoka, tukabaki na magunia ndani hatujui tumuuzie nani. Niliuza magunia manne kwa bei ya kutupa, nikashika fedha ya ada ya mtoto. Mtu mwenye kipaza sauti akaniambia hasara ile ni roho ya umaskini iliyo katika ukoo wetu, nipande mbegu niivunje. Nikapanda. Fedha yote.

Roho ya ukoo! Kama ilikuwa laana ya ukoo wetu, mbona ilimpiga kila mkulima wa mbaazi, wa kila ukoo, wa kila dini, kuanzia Babati mpaka Lindi? Swali la mtoto wa darasa la nne. Sikujiuliza. Nilikuwa nimefumba macho, nimeinua mikono, napokea. Mwanangu alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na aliponiuliza kwa nini, sikuwa na jibu la kumtazama nalo usoni.

Kwa hiyo usinione nakufokea. Nakutikisa. Nyumba inaungua na wewe umelala.

Tumeshaonywa mara ngapi? DECI, ule mchezo wa upatu, tumeisahau? Watu walihimizana makanisani, wachungaji wakiwa mstari wa mbele, lugha ikawa ile ile tamu ya kupanda na kuvuna. Watu wakauza mashamba, wakakopa, wakapanda. Mwaka 2009 Serikali ikaisimamisha, na wengi mavuno hawakuyaona mpaka leo. Tukalia. Tukapangusa machozi. Mwaka 2011 tukapanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mzee aliyeitwa Babu. Na niseme haki: yule mzee alitoza shilingi 500 tu, si kama watumishi hawa wa leo. Lakini mawaziri walikunywa, wasomi walikunywa, na wapo waliotupa dawa zao za kufubaza virusi wakaamini wamepona. Wapo waliofia foleni. Makaburi yao tunayajua.

Kisha ikaja Moshi.

Tarehe 1 Februari 2020, uwanja wa Majengo, mkutano wa maombi. Watu 20 walikufa, watoto wakiwemo. Hapakuwa na bomu wala moto. Walikanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyomwagwa chini. Soma tena sentensi hiyo, taratibu. Mkristo alimkanyaga Mkristo mwenzake mpaka akakata roho, ili nyayo zake ziguse mafuta. Mama aliyetoka nyumbani na mtoto mgongoni kwenda kutafuta baraka alirudi kuzika. Mbarikiwa wa kwanza ndiye aliyekuwa na mbavu ngumu. Hiyo ndiyo injili?

Wenzetu wa Kenya walifika mbali zaidi. Msitu wa Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge chakula hadi wafe ndipo wamwone Yesu. Uganda, Kanungu, Machi 2000, mamia waliteketea ndani ya nyumba yao ya ibada, wakingoja mwisho wa dunia walioahidiwa.

Najua unachosema moyoni. Unasema, mimi sijafika huko. Hata wao hawakuanzia huko! Hakuna aliyeamka asubuhi akaamua kumnyima mwanawe chakula msituni. Alianza kwa kichupa. Alianza kwa kuambiwa usimuulize mtumishi, kuuliza ni uasi. Siku unapokubali kuwa kuuliza ni dhambi, umeshapanda gari, limebaki suala la kituo cha kushukia.

Na wewe wa kanisa la zamani usikae hapo unatabasamu. Jumapili uko KKKT au Katoliki, umevaa vizuri, ni mzee wa kanisa au mwenyekiti wa jumuiya. Alhamisi usiku umejifunika kanga kichwani unakwenda kwenye mkesha wa nabii. Tunaonana huko! Kila tarehe 31 Oktoba Walutheri tunaadhimisha Matengenezo ya Kanisa. Tunaadhimisha nini hasa? Mwaka 1517 Martin Luther aliinuka Wittenberg kwa sababu maskini walikuwa wakiuziwa vyeti vya msamaha, neema imewekwa bei. Sisi, watoto wa matengenezo hayo, tumepanga foleni na simu mkononi, tunaingiza lipa namba ya nabii.

Wachungaji wetu nao wamelala. Shangazi alipougua, nani alikwenda kumwombea? Zilikwenda bahasha za ahadi ya ujenzi. Wa mafuta walikwenda. Walikaa kwenye mkeka, wakamshika mkono, wakamwita mama. Ukiacha zizi wazi usimlaumu fisi peke yake.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tazama nguzo za umeme mjini, hakuna hata moja isiyo na bango la muujiza. Nabii Elisha alibandika bango wapi? Jemadari Naamani wa Shamu alikuja na farasi na magari, fedha, dhahabu na mavazi. Akapona ukoma kwa kuoga mtoni bure. Akabembeleza apokelewe zawadi, Elisha akakataa katakata. Aliyemkimbilia njiani kuchukua mali ni Gehazi, mtumishi, kwa uongo, na alirudi na fedha yake pamoja na ukoma wa Naamani. Sasa niambie, huyo unayemtumia fedha ni Elisha au Gehazi? Mbona hujiulizi? Biblia unayo, iko kabatini, imefungwa kwa zipu.

Hapo ndipo ujinga wetu ulipo. Si kwamba tulinyimwa elimu. Tunataka Mungu wa haraka, anayetoa kama mkopo wa kausha damu, asiyetuuliza habari ya shamba la yatima tulilolisogezea mpaka wala mdogo wetu ambaye hatujasemeshana miaka sita. Mafuta hayaulizi. Ndiyo maana tunayapenda. Wale wanawali watano wapumbavu walikosa mafuta, mlango ukafungwa. Sisi tuna mafuta chupa tele, na taa imezimika.

Geuka, ndugu yangu. Sisemi lia, kulia tunajua. Nasema geuka. Meza dawa yako na uombe. Ukiambiwa neno madhabahuni, nenda nyumbani ukalisome mwenyewe, kama walivyofanya watu wa Beroya hata kwa mahubiri ya Paulo, na Paulo hakuwaita waasi. Ukiambiwa baraka ina bei, simama, chukua mkoba wako, toka. Watakutazama. Acha watazame. Mpelekee mdogo wako fedha hiyo ya mbegu, anza na salamu. Mpaka wa shamba urudishe ulipokuwa, mchana, watu wakiona.

Juzi jioni walikuja tena kwa shangazi. Akina mama wawili, wema kabisa, nawajua, wamebeba chupa ya nane. Wakamwambia zile saba hazikufanya kazi kwa sababu imani yake ilikuwa na mashaka. Nilikuwa mlangoni, nikafungua mdomo nijibu, shangazi akaniashiria ninyamaze. Kwa mkono wake wa kushoto, ule uliobaki mzima, akaisukuma chupa taratibu mezani mpaka ikarudi mbele ya aliyeileta. Halafu, kwa ulimi ule mzito, akaniomba nimletee maji na pakiti zilizoko nyuma ya chupa dirishani.

Nikamwambia hizo ni za zamani, shangazi, mpya ziko kwenye mfuko wa hospitali. Akasema, basi lete hizo mpya.