Makumbusho Yashuke Kilimani

Mtu wa Pwani akitajiwa makumbusho, fikira zake humkimbilia Ngomeni, Mombasa: mizinga, sahani za Kichina na vyombo vilivyotolewa katika merikebu ya Kireno iliyozama hapo bandarini mwaka 1697. Hizo ni kumbukumbu za watu na vita vyao. Lakini zipo kumbukumbu nyingine, za ardhi yenyewe, za maji, mawe, ndege na wanyama, na hizo nazo zina majumba yake. Leo twawachukua wasomaji wetu hadi Nakuru tukatazame kumbukumbu za namna hiyo zamfaa nini mtu wa kawaida.

Nakuru si ugenini kwetu. Wako jamaa zetu waliofuata reli na biashara wakalowea huko. Upande wa magharibi wa mji upo mtaa wa Kaptembwo, mtaa wa wapangaji na vibarua, nyumba zimebanana, wala si mbali na ua wa mbuga ya Ziwa Nakuru. Upande wa pili wa mji, kando ya barabara ya Nairobi, kipo kilima kiitwacho Hyrax Hill, maana yake kilima cha pelele, wale wanyama wadogo wa majabalini. Baina ya mtaa na kilima ni mwendo wa kama kilomita kumi hivi. Mtalii wa Ulaya hufika hapo kwa wepesi. Mtoto wa Kaptembwo hufika akibahatika kupelekwa na shule yake.

Na akifika ataona mengi. Bibi Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938, akakuta makaburi ya kale ambamo wanawake walizikwa pamoja na vyombo vya mawe, akakuta na mabaki ya makao ya wafugaji. Zilipatikana hata sarafu za Kihindi. Juu ya mwamba yamechongwa mashimo ya bao, na mzee wa Lamu akiyaona hatahitaji kuambiwa ni ya nini. Mwaka 1943 mahali hapo palitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 1965 nyumba iliyokuwa ya mkulima wa kizungu ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Hata hivyo, kwa maoni yetu, jambo kubwa kuliko yote pale kilimani ni alama za ufuo wa kale. Ziwa ambalo leo liko mbali chini ya kilima, lilikuwa likipiga mawimbi pale pale. Wataalamu wamethibitisha kwamba yapata miaka elfu tisa au kumi iliyopita mvua zilikuwa nyingi, na Ziwa Nakuru na Ziwa Elmenteita yalikuwa ziwa moja lenye kina cha zaidi ya mita mia. Ukienda Kariandusi, karibu na Gilgil, yalipo mashoka ya mawe ya watu wa zama za mbali sana, utaona machimbo ya udongo mweupe mwepesi. Udongo huo ni mabaki ya viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyoishi majini. Pale pakavu palikuwa ziwa.

Je, habari hii ni ya kustaajabia tu kisha mtu akaenda zake? Hapana. Tangu mwaka 2010 Ziwa Nakuru limekuwa likipanda. Eneo lake, lililokuwa kama kilomita za mraba 40, lilizidi 60 ilipofika mwaka 2020. Lango kuu la mbuga lilimezwa na maji. Heroe, wale ndege wekundu waliolipa ziwa hilo sifa duniani, wengi walihamia Bogoria kwa kuwa chumvi ya maji ilipungua na chakula chao kikapungua nayo. Katika vijiji vya Mwariki na Barut watu walitoka majumbani mwao, na mashamba waliyoyanunua kwa jasho yakawa maji matupu.

Mnunuzi wa kiwanja aliuliza bei, akauliza hati, akauliza jirani zake ni kina nani. Nani alimwambia kwamba ziwa lina tabia ya kwenda na kurudi? Habari ilikuwapo, imeandikwa na kuhifadhiwa, ila ilikuwa kwa Kiingereza katika majarida ya wataalamu. Elimu isiyomfikia mwenye haja nayo ni kama maji ya kisima kisichokuwa na kamba.

Atatokea wa kusema kwamba elimu haizuii mafuriko. Ni kweli, haizuii. Lakini humjulisha mtu pa kujenga na pa kuacha. Mwingine atasema makumbusho hayana fedha. Hilo nalo twalijua. Lakini sanduku moja la mawe, ramani moja ya ufuo wa kale na mtu mmoja ajuaye kueleza kwa Kiswahili si mambo ya kuishinda serikali. Sanduku hilo na lipelekwe shule za Kaptembwo, na madrasa zake pia, na baraza za wazee, na siku ya soko.

Utafiti haukosekani. Makumbusho ya Nairobi yalianzishwa mwaka 1910 na chama cha wapenzi wa maumbile, na hazina yake ya ndege, wadudu na mimea ni miongoni mwa zilizo kubwa barani Afrika. Watu humiminika hapo kumtazama Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta, akafa mwaka 1974. Ahmed anajulikana kwa kuwa habari zake zilitolewa nje ya jumba zikamfikia kila mtu. Ufuo wa Hyrax Hill nao wastahili kutendewa hivyo.

Nasi wa Pwani tusidhani jambo hili ni la watu wa bara peke yao. Mikoko yetu yakatwa, matumbawe yafa, na bahari yala fukwe zetu. Tuwaulize walinzi wa makumbusho yetu wanatufundisha nini juu ya hayo. Dini yetu yatuhimiza kuyazingatia maumbile, na Al-Jahidh wa Basra alikwisha andika kitabu kikubwa cha wanyama zaidi ya miaka elfu moja na mia moja iliyopita. Kuuliza si ugeni kwetu.

Makumbusho yaliyokaa kilimani yakingoja wageni yamefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki iko chini, mitaani, kwa watu ambao maji yakipanda tena yatawafikia wao kwanza.