Kilemba cha Ukoka

Kila mwaka, yanapotangazwa majina ya vijana waliopata ufadhili wa kusoma ng'ambo, magazeti yetu huwavika kilemba kile kile: wameipeperusha bendera. Picha hupigwa, hotuba hutolewa, wala haulizi mtu wamekwenda kutafiti nini, na wakirudi watamsimulia nani.

Nautwaa mfano wa mbali na bahari, makusudi, ili tusidhani maradhi haya ni ya visiwani pekee. Inyonga ni makao makuu ya Wilaya ya Mlele, katika Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Ni nchi ya miombo, ya Wakonongo na ya asali. Mrina asali wa huko anajua mti upi huchanua lini, na kwa nini nyuki huhama mzinga. Sasa mfikirie mwanawe aliyefika chuo kikuu. Shule ya msingi alisomeshwa kwa Kiswahili. Sekondari ikamgeuzia lugha kwa usiku mmoja. Akiutaka ufadhili wa Chevening wa Serikali ya Uingereza, sharti aonyeshe saa 2,800 za kazi, yaani kiasi cha miaka miwili, kisha ajinadi kwa insha za Kiingereza. Chuo nacho huenda kikamdai mtihani wa lugha, ambao matokeo yake huchacha baada ya miaka miwili. Mwenzake wa mjini, aliyelelewa katika shule ya kulipia, hayo kwake ni maji ya kunywa. Na huu ndio tunaouita ushindani!

Tuseme ameshinda. Wapo wanaoshinda, nami sibezi jasho lao. Tasnifu yake ya nyuki itaandikwa kwa Kiingereza na kulazwa katika maktaba ya ugenini, na mrina asali aliyejibu maswali yote hatausoma hata ukurasa mmoja. Jina lake, likibahatika, litatajwa kwenye shukrani.

Sisi wa pwani tunaijua hadithi hii. Mtoro Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Desturi za Wasuaheli ilipotoka mwaka 1903, sehemu kubwa ya maneno ilikuwa yake, lakini jalada lilibeba jina la Carl Velten. Leo hatuhitaji hata Velten, tunajipora wenyewe.

Nitajibiwa kuwa Kiswahili hakijakomaa kwa elimu hiyo. Jibu hilo limechuja. Julius Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni, akarejea na shahada yake mwaka 1952. Baadaye, akiwa na nchi nzima mabegani, alimfasiri Shakespeare: Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Rais alipata wasaa. Mhadhiri haupati, kwa kuwa makala ya Kiingereza ndiyo impandishayo cheo.

Basi nadai, bila ya kupepesa: Tume ya Sayansi na Teknolojia, itoayo vibali vya utafiti, iweke sharti kwamba kila mtafiti, wetu au mgeni, arudishe muhtasari mpana wa kazi yake kwa Kiswahili, na nakala ifike ilikotoka. Ya nyuki ifike Inyonga, isomwe kwa sauti mbele ya warina asali, nao waseme palipokosewa.