Ghala la Chini ya Ardhi: Pango Nafuu, Hasara Kubwa

WAFANYABIASHARA wa Dar es Salaam wanaotafuta mahali pa kuhifadhi bidhaa huvutiwa na vyumba vya chini ya ardhi kwa sababu pango lake mara nyingi ni nafuu. Nafuu hiyo hupimwa wakati wa masika.

Vyumba hivyo havivuji kwa sababu ya mvua inayoonekana tu. Maji yanayozama huinua usawa wa maji ya ardhini, hasa maeneo ya pwani na yale yanayopakana na Bonde la Msimbazi. Yakipanda kupita sakafu, husukuma kuta kutoka ubavuni na sakafu kutoka chini. Kila mita 1 ya kina huongeza msukumo wa takriban tani 1 kwa kila mita ya mraba. Ghala la mita za mraba 100, maji ya nje yakisimama mita 2 juu ya kitako cha sakafu yake, husukumwa kwenda juu kwa nguvu ya karibu tani 200. Sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 20 ina uzito wa tani 50 hivi tu kwa eneo hilo. Ndipo maji hupenya penye nyufa, kwenye maungio ya ukuta na sakafu, na mabomba yanapopita.

Baadhi ya wenye majengo hupiga lipu na rangi mpya kwa ndani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa huu ukizibwa kwa ndani tu, msukumo wa nje huibandua lipu. Tiba ni kuzuia maji kwa nje wakati wa ujenzi, kuweka kokoto na mabomba ya kuyaondoa, pamoja na pampu. Umeme ukikatika usiku wa mvua na jenereta haipo, marobota ya vitenge huamkia majini.

Ni vema basi mpangaji akague ghala Aprili, si Januari. Aangalie unga mweupe ukutani na anuse uvundo. Mkataba utaje nani anagharimia pampu na nani analipa bidhaa zikilowa. Bima nayo isomwe kama inahusu maji yatokayo ardhini. Akikosa majibu, aongeze fedha apange ghorofa ya juu. Shehena moja iliyolowa yaweza kumeza nafuu yote ya pango la mwaka.