Anayeshika Maiti kwa Malipo Awe na Leseni

Mwananchi wa Nyakabiga akitaka kuendesha gari la abiria, hutakiwa kwanza ajifunze, atahiniwe, ndipo apewe leseni. Lakini ajapo mtu kuchukua maiti yetu, kuitia dawa, kuiweka jenezani na kudai malipo, mara nyingi hatumwulizi alijifunzia wapi.

Sisi tuliopitia chuo cha maofisa tulifunzwa mapema kwamba heshima za mwisho zina utaratibu wake. Tangu Burundi ilipopeleka askari Somalia, Desemba 2007, utaratibu huo tumeutumia mara nyingi kuliko tulivyotamani. Hata hivyo gwaride ni la muda mfupi. Kabla yake ipo kazi isiyoonekana: mwili uliosafiri kwa ndege sharti uwe umetunzwa na mtu ajuaye kipimo cha dawa, na jina lililo juu ya jeneza sharti liwe la yule aliyemo ndani.

Familia ya raia haina kikosi cha kuifanyia hayo. Tuliwahi kumsindikiza jirani mmoja wa Nyakabiga kwenda kuchukua mwili wa mamaye. Mtu aliyetupokea mlangoni hakuwa na sare wala kitambulisho, na mikono yake haikuwa na glavu. Alitaja bei, akaona machozi, akaipandisha. Hatukubishana naye. Nani hubishana bei mbele ya maiti ya mama?

Wala udhia huu si wa kwetu peke yetu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, watia dawa maiti walilalamikiwa kwa kuzuia miili ya askari mpaka jamaa walipe. Machi 1865 wizara ya vita iliamuru kwamba asiyethibitisha ujuzi wake na kupewa leseni ya jeshi asifanye kazi hiyo. Mwaka 1894 jimbo la Virginia likaweka sheria ya leseni kwa raia. Uingereza haikufanya hivyo. Machi 2024 polisi wa mji wa Hull waliondoa miili 35 katika majengo ya kampuni moja ya mazishi.

Hapa kwetu yapo na maradhi. Kipindupindu kilipotangazwa Januari 2023, Bujumbura ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopatwa. Maiti ya kipindupindu husafishwa kwa maji ya klorini ya asilimia 2, yaani makali mara 40 kuliko yale ya kunawia mikono. Asiyejua tofauti hiyo hupeleka ugonjwa matangani. Na dawa ya kuhifadhia maiti, formalini, humdhuru pia aishikaye: tangu 2004 wataalamu wa kimataifa wameihesabu miongoni mwa visababishi vya saratani.

Liko jambo jingine, zito zaidi. Asubuhi ya tarehe 12 Desemba 2015 miili ilikutwa katika mitaa ya Nyakabiga. Siku kama ile, mtu aliyefunzwa huandika alama za mwili, nguo, mahali ulipokutwa na namba ya kaburi, kabla udongo haujamwagwa. Asipokuwapo, mzazi hubaki miaka mingi akitafuta kaburi la mwanawe.

Watakuwapo watakaotuuliza: je, ndugu zetu Waislamu wa Buyenzi, ambao huoshana na kuvishana sanda bila kudaiana, nao watakwenda kuomba leseni? La, hasha. Mazishi ya ujirani hayahitaji kibali, wala siku ya kuganduka si ya serikali kuipanga. Mafunzo ya kujikinga yatawafaa, basi. Tunayemtaka na leseni ni yule anayelipwa.

Na waliomo kazini wasifukuzwe, maana wengine wameikubali kazi ambayo sisi sote tuliikimbia. Wafunzwe hospitalini, watahiniwe kwa Kirundi au Kiswahili, kwa kuwa si wote waliokisomea Kifaransa, kisha wapewe hati yenye picha. Nazo bei zibandikwe kwenye mlango wa chumba cha maiti, kwa herufi kubwa.