Mtihani Usio na Maneno Nao Una Kwao

Kuna dhana inayopendwa na wasomi wenzangu: kwamba ukiondoa maneno katika mtihani, umeondoa pia upendeleo. Naipinga, na shahidi wangu ni historia.

Mwaka 1907 sheria ya Marekani ilipiga marufuku kuingia nchini humo kwa watu walioitwa wenye akili pungufu. Katika kisiwa cha Ellis, New York, kazi ya kuwabaini ilikuwa ya madaktari. Mmoja wao, Howard Knox, aliona kuwa si haki kumpima mkulima wa kusini mwa Italia kwa maswali ya darasani yaliyotafsiriwa. Akabuni vipimo vya vitendo: kugonga vipande vinne vya mbao kwa mfuatano ulioonyeshwa, au kuunganisha sura ya mtu iliyokatwakatwa. Kwa hilo namheshimu. Lakini kipimo chake nacho kilisaidia kuamua nani arudishwe alikotoka. Mtu aliyechoshwa na bahari, mwenye hofu ya kutenganishwa na wanawe, alitakiwa athibitishe akili zake kwa kugonga mbao.

Mwaka 1917 jeshi la Marekani likaandaa mtihani wa picha, ulioitwa Beta, kwa askari wasiojua kusoma au wasiojua Kiingereza. Mtahiniwa alitakiwa achore kilichopungua pichani: wavu wa tenisi, au pembe ya gramafoni. Aliyekulia kusikochezwa tenisi angeukumbukaje wavu huo?

Mwaka 1923 Carl Brigham alizitumia alama za mitihani ya jeshi kudai kwamba wahamiaji wa kusini na mashariki mwa Ulaya wana akili duni. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kuwabana wahamiaji hao. Sisemi kitabu chake ndicho kilichoizaa sheria. Chuki ilikuwapo kabla yake. Kosa lake ni kuivika chuki hiyo joho la kitaaluma. Mwaka 1930 Brigham mwenyewe alikiri kwamba hitimisho lake halikuwa na msingi. Mgawo wa nafasi kwa mataifa, hata hivyo, ulidumu hadi 1965.

Ndugu mtumishi wa umma, ukiletewa kipimo cha michoro kwa ajili ya usaili na ukaambiwa hakina upendeleo, uliza: kilitungwa wapi? Kilijaribiwa kwa watu gani? Kikikosea, nani atabeba hasara? Asiyeweza kujibu maswali hayo asikabidhiwe riziki ya mtu.