Mkigawa mbuzi, msimsahau mbwa

Vijana wenzangu wa Bwera na Kasese, na ninyi ndugu zetu wa mashirika, leo naandika juu ya mbwa. Najua wengine watacheka. Mtu amekimbia vita Kongo, hana hata kitanda, anakuja kutuletea habari za mbwa? Ngojeni kwanza nieleze.

Nyumbani kwa baba mdogo, hapa Bwera, tuko na mbwa mdogo wa kike anaitwa Linda. Miguu mifupi, masikio yamesimama, rangi ya udongo. Alitufuata tu kutoka soko la Mpondwe, akabaki. Hakuna aliyemfundisha kazi. Lakini mbuzi wetu wanne wakitoka asubuhi kwenda mlimani, yeye yuko nyuma yao. Mbuzi akigeukia mihogo ya watu, Linda anamzunguka, anamgusa kisigino kwa meno, kidogo tu, mbuzi anarudi njiani. Usiku mtu akisogea karibu na zizi, anabweka mpaka sote tunaamka.

Mwaka jana mtoto wa jirani, wa miaka sita, alikimbia katikati ya mbuzi akicheza. Linda akamfanya vile anavyofanya mbuzi: akamshika kisigino. Damu ikatoka. Mama yake akaja analia: “Imbwa yenu iliuma mutoto yangu! Iko na chanjo?”

Hatukuwa na jibu. Vijana walikuwa wameshaokota mawe. Baba mdogo akawaambia, “Muache kwanza. Tuoshe kidonda, tumpeleke mutoto kwa daktari.” Kituo cha kwanza dawa ilikuwa imeisha. Tukapanda taksi mpaka Kasese mjini, na siku za sindano zilizofuata tukapanda tena. Mwisho wa hesabu tuliuza mbuzi mmoja. Linda tulimfunga kamba siku 10 tukimwangalia. Alikula, alikunywa, hakuugua. Mtoto yuko mzima. Lakini mbuzi alishakwenda, na yule mama alikaa muda mrefu bila kutusalimia. Simlaumu. Chanjo moja ya mbwa ingetuepusha na yote hayo.

Sasa niwaambie kitu. Mbuga ya wanyama iliyo jirani na Kasese ilianzishwa 1952 kwa jina la Kazinga, halafu ikapewa jina la Queen Elizabeth, baada ya Malkia wa Uingereza kutembelea Uganda 1954. Huyo Malkia alipenda aina moja ya mbwa, corgi. Alipewa wa kwake, Susan, mwaka 1944 alipotimiza miaka 18, na maishani mwake alifuga zaidi ya 30. Mtu akiwaona kwenye picha anadhani ni mbwa wa kukaa juu ya viti vya kifahari. Hapana! Corgi ni mbwa wa wachungaji wa Wales. Ni mfupi, ana sentimita 25 mpaka 30 tu begani, na ufupi ndio silaha yake: anamuuma ng'ombe kisigino, ng'ombe akipiga teke, teke linapita juu ya kichwa. Hata leo corgi wa mjini, ambaye hajawahi kuona ng'ombe, anaweza kushika visigino vya watoto wanaokimbia. Ndiyo maana wafugaji wake wanamfundisha kuacha tangu akiwa mdogo.

Nikafikiri: huyu si Linda kabisa? Sisemi ni ukoo mmoja. Kazi ndiyo moja. Mmoja ana daktari, anapewa chakula kwa kipimo, anafundishwa. Mwingine anapigwa mawe, anaitwa mbwa wa hovyo, halafu tunashangaa akiuma.

Na kichaa cha mbwa si mchezo. Duniani kinaua watu kama 59,000 kila mwaka, wengi Afrika na Asia, na watoto ndio wanaoumwa sana. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Lakini kinazuilika: mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Tukiua mbwa mmoja kwa hasira, wengine ambao hawajachanjwa bado wapo.

Ndugu wa mashirika, tunawashukuru kwa miradi ya mbuzi. Lakini fomu zenu zinauliza watu wangapi, mbuzi wangapi, mabati mangapi. Analinda nani hao mbuzi usiku? Siku mnapoleta daktari wa mifugo kuangalia mbuzi, aje na chanjo ya mbwa pia, kwa wakimbizi na kwa wenyeji pamoja. Kichaa cha mbwa hakiulizi kitambulisho.

Na sisi vijana tusingojee mradi. Mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka, na karatasi itunzwe ndani. Apate maji safi na dawa ya minyoo, atolewe kupe. Akishika visigino vya watu, akatazwe palepale kwa sauti, bila fimbo, na watoto wafundishwe wasikimbie katikati ya mbuzi. Mtu akiumwa, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Mbwa mfungeni mumwangalie siku 10, ila msingoje siku hizo ziishe ndipo mtoto apate sindano.

Linda sasa ana karatasi yake. Baba mdogo ameiweka kwenye mfuko mmoja na karatasi zetu za ukimbizi. Juzi yule mama alikuja kuomba Linda atembee na mbuzi wake wawili. Tukamwonyesha karatasi kabla hajauliza.