Mfalme na Malkia Juu ya Kabati

Mwezi uliopita nilinunua katika soko la Gisenyi jozi ya sanamu ndogo za kauri, mwanamume na mwanamke, kila mmoja na taji lake kichwani, mashavu mekundu, nguo zimetiwa rangi ya dhahabu pembeni. Nilizipandisha hadi kwetu Busasamana zimeviringwa katika khanga ili zisivunjike njiani, nikaziweka juu ya kabati la vyombo sebuleni, huku na huku, zikitazamana. Nilijiona nimeipamba nyumba.

Mama mkwe wangu, ambaye tunakaa naye, alitoka jikoni akazitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, hawa ni akina nani?"

"Ni pambo tu, mama," nilimjibu.

"Mtu mwenye taji ana jina," alisema, akarudi jikoni.

Mimi niliyepata cheti cha ualimu, na ambaye sasa ni mtumishi wa serikali, sikuwa na la kujibu. Chini ya sanamu palibandikwa karatasi ya kiwanda cha Uchina, basi. Hata hivyo swali lilinikaa, na katika siku zilizofuata nilisoma juu ya jambo hili kila nilipopata nafasi. Leo nawaletea niliyoyapata, kwani naamini katika nyumba nyingi za wasomaji wapo wafalme wa namna hii wasio na majina.

Desturi ya kuweka mfalme na malkia wa udongo sebuleni ilishamiri sana Uingereza katika karne ya 19, zama za Malkia Victoria. Wafinyanzi wa mkoa wa Staffordshire, katika miji kama Burslem, Hanley na Longton, walitengeneza sanamu hizo kwa udongo mweupe. Hazikuwa kauri ya thamani iliyotumiwa na matajiri, bali udongo wa kawaida uliochomwa. Udongo uligandamizwa ndani ya kalibu za plasta, kipande cha mbele na kipande cha nyuma, kisha vikaunganishwa kwa uji wa udongo. Palitobolewa tundu dogo ili hewa itoke wakati wa kuchomwa, la sivyo sanamu ingepasuka tanuuni. Baadaye ilipakwa dawa ya kung'arisha na kutiwa rangi, na jina la mhusika likaandikwa chini, mara nyingi kwa dhahabu. Mgongo uliachwa bapa bila mapambo, kwa sababu sanamu ilikusudiwa kukaa juu ya ubao wa meko ya ukutani, na hakuna ambaye angeuona mgongo wake. Ziliuzwa kwa peni chache magulioni na kwa wachuuzi waliopita mlango kwa mlango. Katika viwanda hivyo walifanya kazi hata watoto wadogo, wakikimbia na kalibu kutoka kwa fundi hadi chumba cha kukaushia, tangu alfajiri hadi usiku. Mkaguzi wa serikali, Samuel Scriven, aliyaandika hayo mwaka 1841. Nayo dawa ya kung'arisha ilikuwa na risasi, ikawadhuru waliochovya vyombo ndani yake.

Jozi iliyopendwa sana ilikuwa ya Victoria mwenyewe na mumewe Albert, waliooana tarehe 10 Februari 1840. Hapa pana jambo lililonifurahisha. Victoria ndiye aliyetawala, Albert hakuwa mfalme hata siku moja, na hata cheo cha mume wa malkia alikipata kwa hati mwaka 1857 tu. Tena ni Victoria aliyemposa Albert, mwezi Oktoba 1839, kwa kuwa hapakuwa na mwanamume aliyeruhusiwa kumposa malkia anayetawala. Aidha, alikuwa mwanamke mfupi sana. Lakini juu ya ubao wa meko wafinyanzi waliwaweka bega kwa bega, aghalabu kwa kimo kinachokaribiana, pengine na mtoto mchanga mikononi. Mwenye nyumba maskini hakununua utawala kwa peni zake. Alinunua ndoa, mume na mke na watoto, mfano wa nyumba aliyoitamani.

Biashara ikaendelea kwa kila arusi ya kifalme. Walitengenezwa Napoleon III wa Ufaransa na Eugénie waliooana mwaka 1853, kisha binti mkubwa wa Victoria na mwanamfalme wa Prussia mwaka 1858, kisha mrithi wa kiti na Alexandra wa Denmark mwaka 1863. Wengi wa mafundi hawakupata kuwaona wakubwa hao. Walifuata picha zilizochapwa magazetini na katika vitabu vya nyimbo, kwa hiyo sura haikufanana sana na mwenyewe. Iko sanamu mashuhuri ya Benjamin Franklin wa Marekani iliyoandikwa jina la Washington, nayo ilinunuliwa vivyo hivyo. Iko nyingine ya Victoria pamoja na mfalme wa Sardinia, aliyezuru Uingereza mwaka 1855 baada ya askari wake kupigana upande wa Waingereza katika vita vya Crimea. Mtu asiyesoma maandishi yake angedhani ni mume na mke, kumbe ni mapatano ya vita.

Nilipofika hapo nilimwita mama mkwe nikamsimulia. Alicheka sana kusikia kwamba malkia alimposa mwanamume. Kisha akaniuliza, "Na mama yake mfalme yuko wapi?"

Wasomaji walio mbali na Rwanda huenda wasilielewe swali hilo. Katika ufalme wa Rwanda wawili waliotawala pamoja hawakuwa mfalme na mkewe, bali mfalme na mama yake, umugabekazi, ambaye naye alitawazwa na kupewa jina la utawala lililofuata la mwanawe. Mfalme hakukamilika bila mama. Rwabugiri alipomtawaza mwanawe Rutarindwa mwaka 1889 awe mwenziwe katika utawala, mama mzazi wa kijana huyo alikuwa amekwisha kufa, basi akapewa Kanjogera, mke mwingine wa Rwabugiri, awe mama yake wa kiti. Naye Kanjogera alikuwa na mwana wake mwenyewe. Rwabugiri akafa mwaka 1895. Mwaka uliofuata, huko Rucunshu, Rutarindwa akaangamia, na mwana wa Kanjogera, Musinga, akaketi mahali pake. Nani angewaweka wawili hao juu ya kabati kuwa mfano wa amani ya nyumba?

Mfalme na mkewe wakitazamwa pamoja kama jozi ni jambo la baadaye, la wakati wa Mutara Rudahigwa, aliyetawala tangu mwaka 1931. Alimwoa Rosalie Gicanda mwaka 1942, na mwaka 1943 akabatizwa pamoja na mama yake, Nyiramavugo Kankazi. Jozi hiyo haikufinyangwa kwa udongo, ilipigwa picha.

Mama mkwe aliingia chumbani kwake akarudi na kopo la biskuti lililopata kutu. Ndani, katika kitambaa, palikuwa na picha ndogo iliyokunjwa katikati: Rudahigwa, mrefu kama mnara, na Gicanda ubavuni pake. Nimeishi katika nyumba hii miaka tisa na sikupata kuiona. Alinieleza kwamba baba yake aliipata alipokuwa mwalimu msaidizi katika shule ya misheni, akaitundika ukutani. Rudahigwa alifariki Bujumbura tarehe 25 Julai 1959. Wananchi walipopiga kura ya kuuondoa ufalme, mwezi Septemba 1961, baba yake aliishusha usiku, akaikunja, akawaambia watoto kwamba katika nyumba hii hapajawa na picha. Kipande cha karatasi tu, lakini wakati ule kingeweza kumpeleka mtu mbali na watoto wake. Mama mkwe alikuwa mtoto mdogo, naye alilishika neno hilo hata baba yake alipokwisha kufa.

Gicanda aliendelea kuishi Butare akiwa mjane, bila mtoto. Aliuawa tarehe 20 Aprili 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kigeli Ndahindurwa, aliyemfuata Rudahigwa, hakuoa hadi alipofariki uhamishoni Marekani mwaka 2016. Hivyo wawili walio katika kopo lile ndio wa mwisho.

Nyumba ya Rudahigwa imesimama hata leo kule Nyanza, nayo ni makumbusho, katika tarafa inayoitwa pia Busasamana. Majina hayo yamewahi kututaabisha kazini, kwani barua zetu zimepata kwenda huko na zao kuja huku. Mama mkwe anasema barua hazikukosea njia.

Sasa maneno mawili ya matunzo, kwa wenye vitu vya namna hii. Picha ya zamani isigusane na kioo cha fremu. Mwambie seremala aweke ukanda wa karatasi nene pembeni ili pawe na nafasi, maana huku kwetu kwenye ukungu na baridi karatasi hunata kwenye kioo na kuchunika. Isitundikwe mahali pa jua wala karibu na moshi wa jikoni. Iliyokunjwa isinyooshwe kwa pasi. Ilazwe chini ya vitabu vizito, katikati ya karatasi safi, kwa siku nyingi. Sanamu za udongo zifutwe kwa brashi laini iliyo kavu. Usizitumbukize majini, kwa kuwa maji huingia kwa lile tundu na kukaa ndani, na dhahabu hutoka ukiisugua.

Picha imepata fremu, nayo imetundikwa sebuleni. Nilitaka iwe juu ya kabati, katikati ya sanamu zangu, lakini mama mkwe alikataa, akasema wageni wasio na jina wakae dirishani kwanza. Wanakaa dirishani. Watoto walipouliza wale wawili wa ukutani ni akina nani, aliwaketisha akaanza kuwasimulia, na alianza na mama wa mfalme. Mdogo wao akatafuta katika picha, akasema hamwoni.

Tangu hapo mama mkwe hanipi nafasi; anasema picha imepungukiwa na mtu. Msomaji aliye na nakala ya picha ya Nyiramavugo Kankazi tafadhali amwandikie Mhariri, nami nitalipa gharama za kuichapa.